Mstari, Mlolongo au Mraba? Mpangilio wa Vikosi katika Michezo ya Vita ya Mezani

Katika miji mingi ya Uingereza, siku za mwisho wa juma, kumbi zile zile zinazokodishwa kwa harusi na mikutano ya wazazi hugeuzwa kuwa viwanja vya vita. Meza ndefu huunganishwa na kutandikwa kitambaa cha kijani. Juu yake huwekwa vilima, miti ya plastiki, vijumba vya mbao, na mamia ya sanamu ndogo za askari zilizopakwa rangi kwa brashi nyembamba kama unywele. Watu wazima, wengi wao wanaume wenye mvi, huinama juu ya meza hizo wakiwa na futi mkononi na dadu mfukoni.

Mgeni anayeingia kwa mara ya kwanza hutarajia kusikia ubishi juu ya nani ameshinda. Ubishi atakaousikia mara nyingi ni mwingine: kikosi kile pale, kando ya shamba, kiko katika mpangilio gani? Mchezaji mmoja anashikilia kwamba kikosi kimekwisha kujitandaza katika mstari, na kwa hiyo bunduki zake zote zina haki ya kufyatua. Mpinzani wake anajibu kwamba vibao vya mwisho bado viko nyuma ya vya mbele, kwa hiyo kikosi kingali mlolongo, na bunduki za mbele tu ndizo zitakazosikika. Wanachogombea ni sentimita mbili za kitambaa cha kijani.

Mzee wa bao wa Zanzibar au Lamu angeushangaa ubishi huo. Kete ya bao haina uso wala mgongo. Ukijua iko katika shimo gani na iko na wenzake wangapi, umejua yote yanayohitajika. Askari wa mezani ana upande anaoutazama, kikosi chake kina ubavu na kisogo, na umbo la kikosi hicho ndilo linaloamua kama kitakwenda mbio, kitapiga kwa nguvu, au kitakanyagwa na farasi.

Asili ya jambo hili iko Prussia. Mwaka 1812 Baroni Georg Leopold von Reisswitz alimtengenezea Mfalme Friedrich Wilhelm wa Tatu meza ya mchezo wa vita. Miaka 12 baadaye, mwaka 1824, mwanawe aliyekuwa ofisa wa mizinga aliuboresha mchezo huo, ambao kwa Kijerumani huitwa Kriegsspiel. Aliiacha meza ya kifalme akachukua ramani halisi ya kijeshi, yenye kipimo cha 1 kwa 8,000. Vikosi viliwakilishwa na vipande vidogo vya madini ya risasi, vyekundu upande mmoja na vya buluu upande wa pili, na kila kipande kilikatwa kwa kipimo kile kile cha ramani. Yaani kikosi kilichohitaji mita fulani za ardhi ili kisimame vitani kilichukua nafasi hiyo hiyo, si zaidi, kwenye karatasi. Kila zamu ilihesabiwa kuwa dakika 2 za vita.

Mkuu wa makao makuu ya jeshi la Prussia, Jenerali von Müffling, inasimuliwa kuwa aliupokea mchezo huo kwa ubaridi, lakini kabla haujaisha akatamka kwamba hapo hapakuwa na mchezo bali shule ya vita, akaagiza utumiwe jeshini. Mvumbuzi mwenyewe hakuishi kuona jinsi wazo lake lilivyoenea; alijiua mwaka 1827.

Katika Kriegsspiel swali la mpangilio lilikuwa na jibu rahisi, kwa sababu alikuwapo mwamuzi. Makamanda waliandika amri zao, naye akavipanga vipande kwa namna ambayo vikosi vya kweli vingejipanga. Mwaka 1876 ofisa mwingine wa Prussia, Julius von Verdy du Vernois, alikwenda mbali zaidi akapendekeza kwamba majedwali na hesabu nyingi ziwekwe kando, na mwamuzi mzoefu aachiwe akate shauri kwa busara yake. Dawa hiyo ni nzuri pale alipo ofisa aliyekwisha kunusa baruti. Katika ukumbi wa kukodi, Jumamosi alasiri, mtu wa namna hiyo hupatikana kwa nadra.

Ndipo mezani ikabidi askari wenyewe waseme. Fundi wa kanuni hulazimika kueleza, kwa sentimita na kwa hesabu ya sanamu, ni lini kikosi kinakuwa mstari, ni lini mlolongo na ni lini mraba. Hesabu yenyewe inavutia kuliko inavyosikika.

Chukua batalioni ya Kifaransa ya zama za Napoleon, baada ya mageuzi ya mwaka 1808, yenye kombania 6. Tuseme kila kombania imeingia vitani na watu 120, hivyo jumla ni 720. Wafaransa walisimama katika safu tatu, moja nyuma ya nyingine. Katika mstari, basi, watu 240 wanasimama bega kwa bega, na kila mmoja akihitaji kama nusu mita na ushei, batalioni inafunika takriban mita 134 za ardhi. Unene wake ni mita chache tu. Ni uzi mwembamba uliotandazwa shambani.

Sasa batalioni hiyo hiyo ijipange katika mlolongo wa mashambulizi, kombania mbili mbele, mbili nyuma yake, na mbili za mwisho. Mbele sasa wamo watu 80, wanaofunika takriban mita 45, na nyuma yao safu zimepangana hadi 9. Zikibanana, unene wote unaweza kuwa chini ya nusu ya upana huo. Jina la mlolongo linamdanganya msikilizaji, kwa maana huufikiria msafara wa siafu au behewa za treni, kumbe mlolongo wa vitani ulikuwa mpana kuliko ulivyo mrefu.

Mezani jambo hilo hupinduka. Wachezaji wengi huifanya sanamu moja iwakilishe watu 20, na kwa hiyo batalioni ya watu 720 ni sanamu 36. Zikipangwa kwa safu mbili, 18 kila safu, na kila moja ikipewa milimita 15, mstari unakuwa na upana wa sentimita 27 na unene wa sentimita 4 hivi. Kwa kipimo hicho sentimita 1 ni mita 5, na mstari ambao shambani ulikuwa na unene wa mita chache, mezani una unene wa mita 20. Ukiupanga mlolongo, upana unakuwa sentimita 9 na urefu sentimita 12. Umbo lililokuwa pana limekuwa refu. Na askari mwenyewe wa milimita 28, kwa kipimo hicho hicho, ana kimo cha mita 14, sawa na nyumba ya ghorofa nne.

Wachezaji wanaujua uongo huu na wanaishi nao, kama mtazamaji wa tamthilia anavyokubali kwamba mlango wa turubai ni mlango. Hata hivyo uongo huo una gharama. Mlolongo uliorefushwa huonyesha ubavu mpana kwa mizinga ambayo kwa hakika isingeuona, nao hushindwa kupenya mahali ambapo batalioni ya kweli ingepita bila shida.

Gharama kubwa zaidi iko katika muda. Kila mpangilio ulikuwa na kazi yake: mlolongo kwa kwenda, mstari kwa kufyatua, mraba kwa kujikinga na farasi. Farasi hakubali kujitupa juu ya ukuta wa singe, na mraba hauna ubavu wala kisogo cha kushambuliwa. Lakini kutoka umbo moja kwenda jingine kulichukua dakika, na dakika hizo ndizo zilizowaua watu. Tarehe 16 Juni 1815, huko Quatre Bras, siku mbili kabla ya vita vya Waterloo, Rejimenti ya 69 ya Uingereza iliamriwa kurudi katika mstari wakati ambapo hatari ya farasi haijaisha. Wapanda farasi wa Kifaransa wenye deraya waliikuta si mstari kamili wala si mraba, wakaivunja na kuipokonya bendera. Siku mbili baadaye, pale Waterloo, miraba ya Waingereza na washirika wao ilihimili wimbi baada ya wimbi la farasi wa Marshal Ney.

Mezani, mchezaji anawaona farasi kutoka upande wa pili wa meza. Anaona mambo ambayo kamanda wa Rejimenti ya 69, aliyekuwa katikati ya moshi na nafaka ndefu, hakuweza kuyaona, na kwa hiyo mraba wake huwa tayari daima. Baadhi ya kanuni hujaribu kutibu hilo kwa dadu: kikosi kitarusha, na kikikosa kitakutwa kimechanganyikana. Nyingine husema kwamba mchezaji ni jenerali, na jenerali hana kazi ya kuiambia batalioni moja isimame vipi. Hiyo ni kazi ya kamanda wa batalioni, na achukuliwe kuwa aliifanya. Volley & Bayonet, kanuni zilizotoka Marekani mwaka 1994, hufuata njia hiyo. Brigedi nzima huwa kibao kimoja kipana, na yanayotokea ndani yake hayamhusu mchezaji. Wapenzi wa njia ya zamani hulalamika kwamba hapo vita vimepoteza sura. Lalamiko lao ni la macho zaidi kuliko la historia, lakini ni nani anayepaka rangi sanamu 36 ili zisitazamwe?

Mwandishi H. G. Wells, ambaye kitabu chake Little Wars kilitoka mwaka 1913, hakuhangaika na mistari wala miraba. Askari wake wa miguu walikwenda futi 1 kwa zamu na wapanda farasi futi 2, na mizinga yake ya kuchezea ilirusha vijiti vya kweli vilivyowaangusha askari wa kweli, wa risasi. Aliyewabananisha watu wake aliwaona wakilala wanne kwa kijiti kimoja. Mpangilio ulijiamua wenyewe.

Mwaka 1990 kundi la Waingereza lijulikanalo kama Wargames Research Group, ambalo Phil Barker alikuwa mmoja wa waasisi wake, lilichapisha De Bellis Antiquitatis, kanuni za vita vya kale ambamo kila jeshi lina vibao 12 tu. Kibao cha sanamu ndogo kina upana wa milimita 40. Kikibeba sanamu nne, ni askari waliobanana, kwa mfano wenye mikuki. Zikiwa tatu, wamelegeza nafasi. Zikiwa mbili, ni warushaji waliotawanyika. Hapo hakuna la kubishania. Mpangilio uliamuliwa na gundi, usiku, nyumbani kwa mchezaji, wiki kadhaa kabla ya vita.

Kauli hiyo inastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu anayebandika ndiye anayeamua ni jeshi gani lina mpangilio na lipi halina. Swali hilo huwa zito pale meza inapoacha mashamba ya Ulaya na kuhamia Afrika.

Katika kanuni kadhaa za vita vya kikoloni upande mmoja huitwa kwa majina ya vikosi vyake, na upande wa pili huitwa wenyeji, basi. Upande wa kwanza una mstari, mlolongo, mraba na utawanyiko. Upande wa pili ni kundi. Husogea kama kundi, hushambulia kama kundi, hukimbia kama kundi. Vita vinavyochezwa sana kwa kanuni za aina hiyo ni vya Waingereza na Wazulu vya mwaka 1879, na hakuna vita vinavyozipinga kanuni hizo kama hivyo.

Mpangilio wa Kizulu ulikuwa na jina na viungo. Msikilizaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani sana: isifuba ni kifua, na izimpondo zenkomo ni pembe za ng'ombe. Kifua kilimkabili adui ana kwa ana na kumshughulisha. Pembe mbili, ambazo kwa kawaida zilikuwa za vijana wenye mbio, zilimzunguka kulia na kushoto. Nyuma ya kifua walikaa wa akiba, wanaoitwa pia kiuno, wakisubiri zamu yao. Jeshi liligawanywa katika rejimenti za rika, na rangi za ngao za ngozi ya ng'ombe zilisaidia kuzitambulisha. Mpangilio huu hunasibishwa na Shaka, aliyeuawa mwaka 1828. Wangoni waliohama kutoka kusini wakauvuka mto Zambezi mwaka 1835, na ambao wazao wao wanaishi hadi leo katika eneo la Songea nchini Tanzania, walikuja na desturi za kivita za asili hiyo hiyo.

Tarehe 22 Januari 1879 jeshi la Wazulu lipatalo 20,000 lilikuwa limejificha katika bonde la Ngwebeni, kilomita kama 8 kutoka kambi ya Waingereza chini ya mlima Isandlwana. Wakuu wake walikuwa Ntshingwayo kaMahole na Mavumengwana kaNdlela, na hawakukusudia kupigana siku hiyo. Wapelelezi wa Kiingereza walipofika ukingoni mwa bonde na kuliona jeshi limekaa chini, rejimenti zilizokuwa karibu ziliinuka na kusonga mbele bila kusubiri amri. Wakuu waliweza kuwazuia wachache tu, ambao ndio waliokuwa akiba.

Kundi lisilo na mpangilio, likiondoka kwa namna hiyo, lingefika kambini likiwa kundi. Rejimenti hizi zilifika zikiwa kifua na pembe. Zikiwa mbioni, katika nyanda zenye makorongo, kila moja ilijua mahali pake. Pembe ya kushoto ilielekea kuzunguka ubavu wa kulia wa Waingereza. Pembe ya kulia ilipita nyuma ya mlima, isionekane kambini, ikatokea kwenye njia ya kurudi Rorke's Drift na kuifunga. Hiyo ni kazi ambayo batalioni ya gwaride la Ulaya ingehitaji maofisa wenye farasi, tarumbeta na nusu siku kuitekeleza.

Upande wa pili, Luteni Kanali Henry Pulleine, aliyeachiwa kambi baada ya Lord Chelmsford kuondoka alfajiri na sehemu kubwa ya jeshi, alikuwa na kombania 6 za Rejimenti ya 24, mizinga 2, na vikosi vya Waafrika wa Natal. Wote pamoja hawakuzidi 1,800. Magari ya ng'ombe hayakuwa yamefungwa kuwa boma. Kombania zilitawanywa katika mstari mrefu, mwembamba, mbali na kambi, askari na mwenziwe wakitengwa na hatua kadhaa, kwa imani kwamba bunduki ya Martini-Henry ingetosha kumzuia yeyote asikaribie. Mpangilio huo haukuwa wa kijinga. Ulikuwa jibu la swali lisilo sahihi, kwa kuwa ulipangwa kumpokea adui wa mbele peke yake. Zaidi ya watu 1,300 wa upande huo waliuawa, na kwa Wazulu inakadiriwa walikufa 1,000 au zaidi.

Waingereza wenyewe walikiri kosa hilo kwa vitendo. Tarehe 4 Julai mwaka huo huo, huko Ulundi, Chelmsford aliingia uwandani na watu kama 5,000 wakiwa wamepangwa katika mraba mmoja mkubwa, askari wa miguu wakiwa na unene wa safu nne, pamoja na mizinga na bunduki za mtambo za Gatling. Ulikuwa mraba wa babu zao wa Waterloo, uliofufuliwa kwa sababu mtu aliyedhaniwa hana mpangilio alikuwa nao. Pembe zilizunguka pande zote nne na hazikukuta ubavu. Vita viliisha katika muda usiofika saa moja.

Je, haya yote yawekwe vipi mezani? Wabunifu makini wa miaka ya karibuni wameacha kuuliza kama sanamu za Kizulu zinagusana bega kwa bega, kwa sababu hicho ni kipimo cha gwaride la Prussia. Huitazama rejimenti nzima na nafasi yake katika umbo kubwa: iko kifuani, pembeni au kiunoni? Rejimenti ya kifua inaruhusiwa kulala kwenye majani na kungoja chini ya risasi, kama walivyofanya kweli pale Isandlwana, bila kuhesabiwa kuwa imevunjika moyo. Rejimenti ya pembe inapewa mwendo zaidi lakini haina ruhusa ya kugeuka katikati kwa sababu tu mchezaji ameona nafasi ya kuteka mzinga.

Linabaki tatizo la macho. Mchezaji wa upande wa Waingereza amekwisha kusoma vitabu. Akipewa uhuru, zamu ya kwanza atazirudisha kombania zote kambini na kuzibananisha kwenye magari. Kwa hiyo kanuni nzuri humnyima uhuru huo. Kombania zake huwekwa mezani tayari zimetawanyika, mbali, na kila moja lazima irushe dadu kabla ya kuruhusiwa kurudi nyuma.

Kwa upande wa Wazulu, kifua na pembe ya kushoto hupangwa juu ya kitambaa, mbele ya macho ya wote. Pembe ya kulia haipangwi. Sanamu zake hubaki ndani ya sanduku chini ya meza, na mchezaji wa Kizulu ameandika kwenye kikaratasi, kabla mchezo haujaanza, zamu ambayo atainama kuzitoa na kuziweka nyuma ya mlima.